Maktaba ya Ustadhi Branner

Katika maktaba zote ambazo vyuo vikuu hujitia kuzijenga, ile ya elimu ya ardhi ndiyo isiyokusanyika kwa fedha peke yake, kwa kuwa sehemu kubwa ya anachokihitaji mwanafunzi wa miamba haikupata kutiwa dukani: ni taarifa za idara za upimaji, ambazo serikali huzipiga chapa nakala chache na kuwagawia wenziwe, ni vijitabu vya kurasa kumi au ishirini, ambavyo mtungaji humpelekea mtungaji mwenziwe kwa posta, naye akalipwa kijitabu kingine, na ni ramani zilizokunjwa ndani ya juzuu, ambazo zikichanwa, juzuu lote hubaki kama nyumba isiyo mlango. Tena vitabu hivi havizeeki upesi kama vya tabibu. Aliyeeleza mwamba wa bonde fulani miaka themanini iliyopita, maadamu aliuona kwa macho yake na kuupima kwa insafu, maelezo yake yangali na kazi leo, hata ikiwa rai yake juu ya asili ya mwamba huo imekwisha kutupwa. Na pengine bonde lenyewe limekwisha kufunikwa na maji ya bwawa, ikawa hapana shahidi ila yeye.

John Casper Branner, mzaliwa wa Tennessee, mwaka 1850, aliijua kadhia hiyo tangu ujanani, alipokwenda Brazil pamoja na Charles Frederick Hartt kuichunguza ardhi ya dola ile. Baadaye akawa mkuu wa upimaji wa ardhi katika jimbo la Arkansas, na alipotoa taarifa kwamba machimbo ya dhahabu ambayo watu walikuwa wakiyauziana hisa hayakuwa na dhahabu, wenye hasira zao walitengeneza sanamu yake wakaitia moto. Mtu wa namna hii huthamini taarifa iliyoandikwa, kwani amekwisha kuona gharama yake.

Chuo cha Stanford kilipofunguliwa tarehe 1 Oktoba 1891, huko California, katika shamba la kulelea farasi, yeye ndiye aliyeteuliwa kuwa ustadhi wa elimu ya ardhi. Na kwa kuwa chuo kilikuwa kipya, ambacho majengo yake yalitangulia vitabu vyake, vile alivyovikusanya mwenyewe kwa miaka mingi vilikuwa msaada mkubwa kwa wanafunzi wake. Miongoni mwao alikuwamo kijana yatima, Herbert Hoover, aliyejilipia masomo kwa kumfanyia ustadhi kazi za ofisini, akahitimu mwaka 1895. Na binti mmoja, Lou Henry, aliyehitimu somo lilo hilo mwaka 1898.

Alfajiri ya tarehe 18 Aprili 1906 zilzala iliupiga mji wa San Francisco na pande zake. Jengo jipya la maktaba ya chuo, ambalo halijakwisha kujengwa, likaporomoka. Na sanamu ya mwanazuoni Agassiz ikaanguka kutoka ukutani, kichwa kikazama sakafuni, miguu ikabaki juu. Branner alitiwa katika tume ya jimbo iliyochunguza msiba ule, na taarifa yake, iliyotolewa mwaka 1908 pamoja na ramani zake, ni mfano halisi wa vitabu ninavyovisema: hadi leo achunguzaye ufa wa ardhi uliozusha zilzala ile hana budi kuirejea.

Lakini tunda la ajabu la rafu zile halikuhusu zilzala. Yasimuliwa kwamba ni katika maktaba ya Branner Lou Henry alipoiona mara ya kwanza *De re metallica*, taalifu ya Georgius Agricola juu ya uchimbaji wa madini, iliyotoka matbaani Basel mwaka 1556, mwaka mmoja baada ya kufa mtungaji wake. Kilatini cha Agricola kiliwashinda wengi, kwa sababu mambo ya wachimbaji wa Kijerumani hayakuwa na majina kwa Warumi, naye akayabuni. Hata mfasiri hakupata maana yake kamusini, bali katika kazi yenyewe. Lou alikuwa na Kilatini, na Hoover, aliyekuja kuwa mumewe, alikuwa na migodi. Baada ya miaka ya taabu tarjuma yao ilitoka London mwaka 1912, na picha zote za asili zimo, nao wakamtunukia mwalimu wao Branner.

Branner, ambaye hatimaye alikuwa rais wa chuo, alipostaafu mwaka 1915, maktaba yake haikutawanyika. Ikawa msingi wa ile ya Stanford ambayo mpaka sasa inaitwa kwa jina lake. Ama vitabu vya kale ambavyo mume na mke wale walivinunua Ulaya ili wamwelewe Agricola, havikurudi kwenye rafu zilizoanzisha jambo lote. Vimewekwa Claremont, upande wa kusini wa jimbo lilo hilo.