Jinsi Madaktari Walivyokijua Kifua Kikuu

Msomaji, wahenga walisema, "Mficha ugonjwa kifo humuumbua." Lakini kifua kikuu kilijificha chenyewe, hata mabingwa wa uganga wasikijue vema kwa karne nyingi. Walimwona mgonjwa akikonda na kukohoa damu, wala hawakuwa na njia ya kutambua yaliyokuwa yakitendeka kifuani mwake.

Mwaka 1816, mjini Paris, daktari René Laennec alikunja karatasi mfano wa mwanzi, akasikiliza kifua cha mgonjwa. Hivyo madaktari walijifunza kuyatambua mapafu mabovu kwa sauti yake. Hata hivyo, kusikia si kuponya: Laennec mwenyewe alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1826.

Tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, Robert Koch alitangaza kwamba amevigundua vijidudu viletavyo maradhi hayo. Tangu hapo makohozi yaliweza kupimwa kwa hadubini. Lakini mwaka 1890 Koch huyo huyo alitangaza dawa iitwayo tuberkulini. Wagonjwa walimiminika Berlin kwa matumaini, na dawa haikuwaponya. Baadaye ilifaa kwa kupimia tu.

Dawa ya kweli, streptomisini, ilipatikana Marekani mwaka 1943. Huko Uingereza ilijaribiwa kwa wagonjwa 107, na matokeo yakatolewa mwaka 1948. Katika miezi 6, kati ya 55 waliopewa dawa walikufa 4. Kati ya 52 waliopumzishwa kitandani tu walikufa 14. Furaha ilikuwa kubwa, lakini haikudumu, kwa maana katika miili ya wengi vijidudu viliizoea dawa, visife tena. Ndipo madaktari walipofahamu kuwa dawa moja haitoshi. Wakaziunganisha dawa kadhaa, pamoja na isoniazidi iliyoanza kutumika mwaka 1952. Matibabu yalikuwa marefu, hata mwaka na nusu, mpaka uchunguzi uliofanywa kwa wagonjwa wa Afrika ya Mashariki, uliotangazwa mwaka 1972, ulipoonyesha kwamba kwa kuongeza rifampisini miezi 6 yatosha.

Basi, msomaji, elimu hiyo ilinunuliwa kwa maisha ya watu. Ukimwona ndugu yako amekohoa kwa majuma mawili, mpeleke akapimwe makohozi. Na akianza dawa, usimwache akome kwa sababu tu amepata nafuu. Vijidudu vilivyosalia havijafa, vinangoja.