Utumikaji, na Swali la Bodaboda

Masika yakikolea katika kata ya Rhotia, bodaboda hakuulizi kwanza ni mbali kiasi gani. Anauliza: "Njia inapitika?" Udongo mwekundu ukishalowa, njia ya kwenda Kainam ni ile ile ya jana, ila tairi halishiki. Kitenzi hicho, kupitika, ndicho kilichonipa istilahi ninayoitetea hapa kwa neno la Kiingereza "usability": utumikaji.

Utumikaji ni sifa ya kifaa. Kiwango cha kimataifa ISO 9241-11 cha mwaka 1998, kilichohuishwa 2018, kinaupima kwa mambo matatu: mtumiaji atimize alilokusudia, asipoteze muda na nguvu bure, na aridhike. Wengi huandika "urahisi wa kutumia". Siukubali, maana programu ya kuagiza chakula yaweza kuwa rahisi na bado chipsi zikafika kwa jirani. "Utumiaji" nao ni tendo la mtu. Utumikaji umetoka kwenye kutumika, na una -ik- ile ile ya kulika na kupitika. Najua "namba inatumika" ni kusema mtu yuko kwenye simu nyingine. Lakini neno kuwa na maana zaidi ya moja si ajabu. Mfano ni "kaa": kaa la moto, kaa wa baharini, na kuketi. Hatujawahi kulitupa neno hilo.

Sasa chukua programu kama hiyo ya kuagiza chakula. Mpe simu mama wa Rhotia Kati, mwombe aagize wali maharage, kisha kaa kando na usimwelekeze. Chakula anakipata upesi kwenye orodha. Anafika palipoandikwa "mtaa na namba ya nyumba", na kidole kinasimama hewani. Kwake ni ukiacha lami, nyumba ya tatu baada ya mashine ya kusaga. Hakuna pa kuyaandika hayo. Anarudi nyuma, alivyochagua vimefutika, anaanza upya. Katika daftari lako usiandike "mama hajui simu". Andika: sehemu ya anwani haipitiki.

Dawa yake haina gharama kubwa: nafasi ya kuelekeza njia kwa maneno, kitufe cha kumpigia bodaboda anayeleta chakula, na nauli yake ionekane tangu mwanzo. Jakob Nielsen, mtaalamu wa fani hii, alishauri mwaka 2000 kujaribu na watu 5, kurekebisha, kisha kujaribu tena. Waunda programu wetu, watafuteni watano hao Rhotia, wakati wa masika, na mmoja wao awe bodaboda.