Majina Manne, Woga Mmoja



Wazee wetu waliogopa Sûreté, iliyoongozwa na Victor Nendaka tangu 1960. Wakati wa Mobutu zikafuata CND na, mwaka 1990, SNIP. Mwaka 1997, Laurent-Désiré Kabila alipotwaa serkali, ikaja ANR. Majina yalibadilika, lakini woga wa kasho ulibaki, kwani idara hiyo ilimsikiliza mkuu wa nchi kuliko hakimu.

Nchi inahitaji watu wa kuchunguza hatari. Vita vimetufundisha hivyo. Lakini Katiba ya 2006, kifungu cha 18, imeweka mpaka. Anayekamatwa aambiwe sababu papo hapo, kwa lugha anayoielewa. Ana haki ya kuwasiliana na jamaa yake ao mwanasheria wake. Saa 48 zikiisha, aachiliwe ao akabidhiwe kwa sheria.

Basi wewe chifu, mtoto wa mkimbizi akichukuliwa usiku, usinyamaze. Andika saa na mahali, kisha uwasindikize wazazi wake mpaka parke. Nani atahesabu saa 48, kama hakuna aliyeandika saa ya kwanza?