Kutoka Kamiti hadi Tabaka: Sanaa inayomrudisha mfungwa kwa watu

Mwaka 1978, katika kitengo cha waliozuiliwa kwa sababu za kisiasa kwenye Gereza la Kamiti, mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa akiandika riwaya juu ya karatasi ya msalani. Karatasi hiyo ilikuwa ngumu na ya kukwaruza, lakini ilishika wino vizuri. Miongoni mwa waliokuwa nyuma ya kuta hizo wakati mmoja naye alikuwa George Moseti Anyona, mbunge wa Kitutu Mashariki, eneo ambalo leo limo katika Kaunti ya Nyamira.

Anyona alikuwa amezuiliwa mwaka 1977, baada ya kushikilia Bungeni suala la zabuni ya mabehewa ya reli. Hakufikishwa mahakamani. Humo kizuizini walikuwamo pia wanasiasa wengine: Martin Shikuku, Jean-Marie Seroney, Koigi wa Wamwere, na Wasonga Sijeyo aliyekuwa ndani tangu mwaka 1969. Mgusii, Mluhya, Mnandi, Mkikuyu na Mjaluo waliishi pamoja bila kujua watatoka lini, kwa maana amri ya kuzuiliwa haikuwa na tarehe ya mwisho.

Ngũgĩ ndiye aliyeshika kalamu, lakini kitabu hakikuwa chake peke yake. Aliwauliza wenzake, na hata askari jela, kuhusu maneno na methali za Kikuyu. Msako ulipofanywa, karatasi zilichukuliwa, na baada ya wiki kadhaa afisa mpya wa gereza akaamua kumrudishia. Jomo Kenyatta alifariki tarehe 22 Agosti 1978, na tarehe 12 Disemba Rais Daniel arap Moi akawaachilia waliozuiliwa. Riwaya ikatoka mwaka 1980 kwa jina la Caitaani Mũtharaba-inĩ, kisha mwaka 1982 kwa Kiswahili, Shetani Msalabani.

Miaka michache kabla yao, jambo kama hilo lilikuwa limetokea humo humo Kamiti. Abdilatif Abdalla, kijana wa Mombasa, alihukumiwa miaka mitatu mwaka 1969 kwa kuandika kijikaratasi cha Kenya: Twendapi? Naye alitunga mashairi kwenye karatasi ya msalani, yakapenyezwa nje kwa msaada wa askari. Diwani yake, Sauti ya Dhiki, ilichapishwa mwaka 1973, na mwaka uliofuata ikatunukiwa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta.

Tukisimulia habari hizi huwa tunasifu ujasiri wa mtu mmoja. Ujasiri ulikuwapo, lakini nyuma yake palikuwa na askari aliyekubali kuhatarisha mkate wake, wenzake waliotoa neno lililokosekana, jamaa waliopokea na kuhifadhi, na mchapishaji aliyethubutu. Bila watu hao, karatasi zile zingeteketezwa na tusingejua kuwa ziliwahi kuandikwa. Sanaa ya gerezani huanza kwa mkono mmoja na kumalizwa na mikono ya wengi. Nadhani hakuna mahali nchini panapoelewa jambo hili kuliko Gusii, nchi ya Abagusii katika Kaunti za Kisii na Nyamira.

JELA ILIPOINGIA GUSII

Kabla ya wakoloni, Abagusii hawakuwa na jela. Mwizi alilipa, na aliyeua, yeye na ukoo wake walitoa ng'ombe kwa ukoo uliopoteza mtu. Wazee wa etureti, yaani baraza la wazee, walisikiliza, wakaapisha, wakapatanisha. Adhabu ilikuwa nzito, na kulikuwa na damu na visasi pia, lakini lengo la baraza lilikuwa kumweka mkosaji mahali ambapo angeweza kulipa deni lake na kuendelea kuishi na watu.

Waingereza walikuja na utaratibu mwingine. Baada ya msafara wa kijeshi wa mwaka 1905, walijenga boma mahali ulipo mji wa Kisii mwaka 1907. Januari 1908, Otenyo, akichochewa na nabii Moraa wa Ngiti, alimchoma mkuki mkuu wa wilaya, Geoffrey Northcote. Northcote alipona. Otenyo aliuawa, na Wagusii wakachomewa nyumba na kunyang'anywa mifugo. Boma lilikuwa limekuja na korti, na korti ikaja na jela. Tangu hapo mtu aliyekosa aliondolewa nyumbani, akavalishwa sare, akahesabiwa kwa namba. Aliyekosewa hakulipwa hata mbuzi, na mkosaji aliporudi, deni lake kwa jirani lilikuwa pale pale.

Gereza la Kisii tulilo nalo leo ni mrithi wa utaratibu huo, ingawa mengi yamebadilika. Kuanzia mwaka 2003, Makamu wa Rais Moody Awori alipokuwa akisimamia magereza, serikali ilifuata sera ya milango wazi: wanahabari, makanisa na mashirika wakaruhusiwa kuingia na kuona. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 51, ikasema kwamba mtu aliyefungwa hubaki na haki zake zote, isipokuwa zile zisizowezekana kwa sababu ya kifungo. Wafungwa nchini hufundishwa useremala, ushonaji na kazi nyingine za mikono, na wengine hufanya mtihani wa ufundi wa serikali wakatoka na cheti.

Cheti hicho hakitoshi. Mwajiri huuliza kingine, cha polisi, cha tabia njema, na hapo ndipo aliyetoka jela hukwama. Nyumbani nako, shamba lake huenda limeshalimwa na ndugu, na mama wa aliyedhulumiwa hukutana naye sokoni kila wiki.

JIWE LINALOPITA MIKONO MINGI

Tabaka, Mugirango Kusini, ndiko yanakochimbwa mawe ya sabuni yanayojulikana duniani kama mawe ya Kisii. Kuna meupe, ya waridi, mekundu, ya kijivu na meusi. Tangu zamani Wagusii waliyachonga kuwa viko vya tumbaku na mbao za bao, na unga wake mweupe ukapakwa wachezaji ngoma. Elkana Ong'esa, mwana wa Tabaka, amelifikisha jiwe hilo mbali: sanamu yake ya ndege wa amani imesimama kwenye makao makuu ya UNESCO jijini Paris.

Kinachonivutia zaidi ni jinsi kazi ya kila siku inavyogawanywa. Wanaume huchimba kwa sururu na sepetu. Mwingine hukata kwa msumeno, mwingine huchonga kwa panga na kisu, kisha tupa hupita. Wanawake hulisugua jiwe kwa msasa majini, hulikausha, hulipaka rangi na nta. Sanamu ya kiboko inayouzwa Nairobi au Mombasa imepitia mikono ya watu kadhaa, na kila mmoja alilazimika kuuamini mkono uliotangulia. Anayechonga vibaya huwapotezea wenzake kazi, na anayechonga vyema hujulikana kijiji kizima.

Kwa mtu aliyetoka kifungoni, hiyo ndiyo shule anayoihitaji. Ufundi anaweza kuupata ndani ya kuta. Kuaminiwa tena hakufundishwi darasani. Huja pole pole, mtu akipokea jiwe kutoka kwa mwenzake na kulipitisha likiwa zuri kuliko alivyolipokea.

Anyona alipokelewa. Alizuiliwa tena mwaka 1982, na mwaka 1991 akahukumiwa miaka saba kwa uchochezi pamoja na Njeru Kathangu, Ngotho Kariuki na Edward Oyugi. Aliachiliwa mwaka 1992, na mwishoni mwa mwaka huo huo wapiga kura wa nyumbani kwake, Kitutu Masaba, wakamrudisha Bungeni. Kwao hakuwa mhalifu hata siku moja. Kumpokea aliyeiba ng'ombe wa jirani au aliyemwaga damu ni kazi ngumu zaidi, na haki ya aliyeumizwa haiwezi kurukwa. Ndiyo maana hekima ya etureti bado ina nafasi: kwanza deni lizungumzwe na kulipwa, ndipo mikono ishirikiane.

Basi serikali za Kaunti za Kisii na Nyamira, pamoja na Idara ya Magereza, zina jambo la kufanya lisilohitaji sheria mpya. Mafundi wa Tabaka walipwe wafundishe gerezani. Kila mfungwa anayejifunza kuchonga aunganishwe na kikundi kitakachomchukua kabla ya siku yake ya kutoka kufika. Wazee na makanisa wakutane na familia iliyokosewa mapema, wasisubiri mtu atokee langoni. Abdilatif na Ngũgĩ walikuwa na watu waliowangoja nje na kuipokea kazi yao. Kijana wa Bobasi au wa Borabu aliyefungwa miaka minane anastahili kuwa na watu kama hao, na watu hao ni sisi.