Aliyetangulia Mwaka Mmoja

Kila mwaka, vyuo vinapokaribia kufunguliwa, sharika zetu huwaita vijana mbele ya madhabahu, huwaombea na kuwaaga. Kijana wa Ilembula hufika Makambako, njia panda ya Iringa, Mbeya na Songea, akapanda basi la Dodoma au Dar es Salaam. Maombi yetu yanamsindikiza. Lakini huko aendako, nani anampokea? Historia ya Kanisa letu na ya vyuo vyetu inatusaidia kujibu.

Wamisionari wa Berlin walifika Nyanda za Juu Kusini mwaka 1891. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika huku, wamisionari Wajerumani waliondolewa, wakaanza kurudi katikati ya miaka ya 1920. Katika kipindi hicho kazi nyingi ya Injili ilibebwa na walimu na wazee wenyeji. Aliyejua kusoma alimfundisha asiyejua. Aliyebatizwa mapema alimwandaa aliyemfuata. Wengi wao hawakuwa na elimu kubwa, ila walikuwa mbele kwa hatua moja, na hatua hiyo ilitosha. Ndiyo maana wamisionari waliporudi walikuta Kanisa likiwa hai.

Kwa Walutheri hili si jambo la pembeni. Katika Makala za Schmalkalden za mwaka 1537, Luther anataja njia ambazo Injili hutujia: mahubiri, Ubatizo, Meza ya Bwana na ondoleo la dhambi. Kisha anaongeza mazungumzo na faraja ya ndugu kwa ndugu. Nyumbani kwake Wittenberg, yeye na mkewe Katharina walikaa na wanafunzi, wakala nao meza moja.

Sasa tutazame vyuo vyetu. Chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza tarehe 25 Oktoba 1961, katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi 14 wa sheria. Hao hawakuwa na mtu wa kuwatangulia, lakini walikuwa 14: asiyeonekana darasani aliulizwa. Mwaka 1964 chuo kilihamia Mlimani, na mwaka 1970 kikawa chuo kikuu kamili cha taifa. Baadaye vyuo vikaongezeka, vya Kanisa letu vikiwamo, na mwaka 2007 kikaanzishwa Chuo Kikuu cha Dodoma. Tunamshukuru Mungu kwa mlango kufunguka hivyo. Ila penye maelfu ya wanafunzi, kijana anaweza kukosa vipindi wiki tatu asiulizwe na mtu.

Mwaka wa kwanza ndipo mambo huharibika kimyakimya. Bumu linachelewa, naye anaona aibu kusema ana njaa. Amekosa chumba, anabebwa kwenye kitanda cha mwenzake. Hajui kwamba alama za majaribio na kazi za darasani zinahesabika, anangoja mtihani wa mwisho, na anaposhtuka ameshadisko. Mzazi wake kijijini hayajui haya, na mhadhiri mwenye darasa la mamia hamjui kwa jina. Anayeyajua ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, aliyeyapita juzi tu.

Lakini kutangulia peke yake hakumfanyi mtu mlezi. Waliosoma bweni wanakumbuka jinsi njuka alivyosumbuliwa na waliomtangulia. Wala si kila anayejitolea kumpokea binti mgeni mjini anampokea kwa nia njema. Kwa hiyo kazi hii isiachwe kwa bahati.

Tunapendekeza kila usharika uwe na daftari la vijana wake walioko vyuoni: jina, chuo, mwaka wa masomo. Kabla kijana hajasafiri, akabidhiwe kwa jina kwa aliyemtangulia, binti kwa binti na mvulana kwa mvulana. Asipokuwapo wa kwetu, mchungaji awasiliane na USCF, umoja wa wanafunzi Wakristo ulio chini ya CCT. Mlezi huyu si mzazi wala benki. Kazi yake ni kumwonyesha njia, kumtafuta asipoonekana, na kumpeleka kwa mshauri wa wanafunzi au mchungaji jambo linapomzidi.

Nasi Ilembula tunao wageni wetu. Wanafunzi wa uuguzi wanaokuja kusoma kwenye hospitali yetu wametoka mikoa mingi, na nyumbani kwao kuna usharika uliowaombea na kuwaaga. Sauli alipofika Yerusalemu, wanafunzi walimwogopa; Barnaba ndiye aliyemchukua na kumpeleka kwa mitume. Jumapili hii, baada ya ibada, tumtafute aliyekaa benchi la nyuma peke yake, tumuulize jina lake na anatoka wapi, kisha tumkaribishe chakula.