Kabla Uogope Namba ya Kolesteroli, Uliza Ilipimwaje

Wasee, swali la haraka. Mmoja anasema kolesteroli yake ni 5.2, mwingine anasema yake ni 201. Nani yuko pabaya? Wako sawa tu. 5.2 ni milimoli kwa lita, 201 ni miligramu kwa desilita. Zidisha 5.2 kwa 38.67 ujionee. Lakini hapa Muhoroni kuna mzee ataona hiyo 201, aache dawa za hospitali na akanunue chupa ya "kusafisha damu" pale stejini. Mimi niliacha chuo, kusoma sijaacha. Twende historia kidogo.

Miaka ya 1880 Liebermann, kisha Burchard, walitumia kemikali mbili, moja ikiwa asidi kali ya salfuriki. Ikikutana na kolesteroli, rangi inageuka kijani. Kijani kikikolea, kolesteroli ni nyingi. Shida ni kwamba rangi yenyewe haitulii, joto linaibadilisha, na mgonjwa mwenye macho ya manjano anaweza kupata namba ya uongo.

Mwaka wa 1952, Abell na wenzake kule Marekani wakaona heri kusafisha kwanza. Walitenganisha kolesteroli na mafuta iliyoshikana nayo, wakaitoa kwenye damu, ndipo wakaipaka rangi. Kazi ndefu manze, lakini namba safi. Njia hiyo ikaja kutumika kukagua maabara zingine.

1959, jirani hapa Kampala, Shaper na Jones walichapisha utafiti: Waafrika wa Uganda walikuwa na kolesteroli ya chini kuliko Waasia wa mji huo huo, na ugonjwa wa mishipa ya moyo ulikuwa nadra kwao. Ulinganisho kama huo una maana tu kama damu zote zimepimwa kwa njia moja. Pima huyu kwa njia hii na yule kwa ile, na huwezi kujua kama tofauti iko kwa watu ama kwa chupa.

1974 ikaja njia ya vimeng'enya. Hivi vinaishika kolesteroli yenyewe, rangi nyekundu inatokea, mashine inasoma kwa dakika chache. Ndiyo maabara nyingi zinatumia leo. Hata kile kimashine cha kudunga kidole hufanya kazi hivyo, ila kwa tone moja la damu, kwa hivyo namba yake inaweza kupishana kidogo na ya maabara.

Na hiyo LDL kwa karatasi yako? Mara nyingi haijapimwa, imepigiwa hesabu kwa fomula ya Friedewald ya 1972. Trigliseridi zikipita 4.5, fomula hiyo haifai tena.

Kwa hivyo ukimsomea mathe majibu, uliza mambo matatu: kipimo ni milimoli ama miligramu? Ni kidole ama mshipa? LDL imepimwa ama imehesabiwa? Akirudia kupima, arudi maabara ile ile. Na dawa asiache mpaka daktari aone hizo karatasi zote mbili.