Hifadhi pepe

Hifadhi pepe ni mbinu ya kuunganisha diski nyingi kwa kutumia programu, ili zitumike kama ghala moja la data. Mtumiaji hupewa nafasi anayoihitaji bila kulazimika kujua data yake imewekwa kwenye diski ipi. Mbinu hiyo huenda pamoja na mashine pepe na mtandao pepe. Hutumika katika benki, hospitali, vyuo vikuu na ofisi za serikali.

Historia

Katika miaka ya 1960 kampuni ya IBM ya Marekani ilitengeneza mfumo ulioiwezesha kompyuta moja kubwa kuhudumia watu wengi, kila mmoja akiitumia kana kwamba ni yake peke yake. Mfumo wa VM/370 ulitangazwa mwaka 1972.

Mwaka 1988 David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha makala kuhusu RAID, yaani namna ya kuunganisha diski za bei nafuu ili moja ikiharibika data isipotee. Kampuni ya VMware ilianzishwa mwaka 1998 na kuleta mashine pepe katika kompyuta za kawaida. Mwaka 2007 programu huria ya KVM iliingizwa katika Linux.

Namna inavyofanya kazi

Mfumo una tabaka tatu. Chini kuna diski halisi, katikati kuna programu inayozisimamia, na juu kuna seva pepe zinazotumia nafasi hiyo. Tunaweza kulinganisha na ghala la chama cha ushirika cha kahawa kwenye miteremko ya Mlima Meru. Mkulima hupewa stakabadhi ya kilo alizoleta. Haandikiwi kahawa yake imemwagwa katika gunia gani. Anayejua hilo ni mtunza ghala, na daftari lake likipotea, ghala zima huvurugika. Vivyo hivyo, programu ya katikati ikiharibika, diski zinaweza kuwa nzima na data isisomeke.

Kwa upande wa mtandao, swichi moja inaweza kugawanywa kuwa mitandao mingi iliyotengana, iitwayo VLAN. Kwa mfano, kompyuta za uhasibu hutengwa na zile za wageni ingawa zote zimechomekwa kwenye swichi ileile. Kiwango cha 802.1Q huruhusu VLAN 4094. Kiwango cha VXLAN, kilichochapishwa mwaka 2014, huruhusu mitandao takriban milioni 16.

Maswali yanayoulizwa mara nyingi

Je, RAID ni nakala ya akiba? Hapana. Diski 4 za terabaiti 4 kila moja katika RAID 5 hutoa nafasi ya terabaiti 12, na mfumo huvumilia kuharibika kwa diski moja. Katika RAID 6 hubaki terabaiti 8, na huvumilia kuharibika kwa diski mbili. Lakini mtu akifuta faili kwa makosa, RAID hutekeleza amri hiyo kwenye diski zote.

Je, picha ya hali inatosha? Picha ya hali huhifadhi namna data ilivyokuwa saa fulani, na husaidia kurudi nyuma haraka. Hata hivyo kwa kawaida hukaa kwenye diski zilezile. Moto, mwizi au programu haribifu inaweza kuondoa vyote kwa pamoja. Kanuni inayofundishwa ni kuwa na nakala 3, katika vyombo vya aina 2, na nakala 1 iwe mahali pengine. Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa kurejeshwa isihesabiwe kuwa akiba.

Je, nafasi inaweza kugawiwa kuliko iliyopo? Ndiyo. Seva 3 zinaweza kuahidiwa terabaiti 2 kila moja wakati ghala lina terabaiti 4 tu, kwa kuwa ni nadra zote kujaa kwa pamoja. Hatari yake ni kwamba ghala halisi likijaa, seva zote huweza kusimama, hata ile iliyotumia nafasi kidogo. Ndiyo maana msimamizi huweka tahadhari mapema, kwa mfano ghala linapofikia asilimia 80.

Je, data ya Arusha inaweza kunakiliwa papo hapo Dar es Salaam? Inawezekana, lakini kwa gharama ya kasi. Katika nyuzi za kioo mwanga husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Tuseme kebo kutoka Sakina hadi Dar es Salaam ina urefu wa kilomita 600. Kwenda ni milisekunde 3, na kwenda na kurudi ni 6, bila kuhesabu ucheleweshaji wa vifaa. Kama kila andiko husubiri jibu kabla ya lingine kuanza, hayazidi 166 kwa sekunde. Kwa hiyo kwa umbali huo taasisi nyingi hunakili kwa kuchelewa kidogo, zikikubali kwamba ajali ikitokea zitapoteza data ya dakika za mwisho.

Hali nchini Tanzania

Ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulianza mwaka 2009. Mwaka huohuo kebo ya baharini ya Seacom ilifika Dar es Salaam, ikafuatiwa na EASSy mwaka 2010. Kituo cha Taifa cha Data kipo Dar es Salaam na huendeshwa na TTCL.

Tarehe 12 Mei 2024 kebo za Seacom na EASSy zilikatika, na intaneti ikadhoofika sana nchini. Tukio hilo lilionyesha kwamba taasisi iliyoweka data yake yote ng'ambo inaweza kuikosa hata kama seva zake ni nzima.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayetunza taarifa za watu kuzilinda, na inaweka masharti ya kuzisafirisha nje ya nchi. Kwa sababu hiyo, mahali ghala la data lilipo ni suala la kisheria pia.